Besi ya nyuzi tano kwa mashoto: jinsi ya kuinunua na kuiseti mwenyewe

Swali limekuja tena juzi: "Mimi ni mashoto, nataka besi ya nyuzi tano, si nichukue tu ya kulia niigeuze?" Na kabla yake kulikuwa na mwingine keshanunua, analalamika uzi wa B unalia kama kamba ya kuanikia nguo, anadhani vidole vyake ndo vibovu. Vidole vyake havina shida yoyote, besi yake ndo haijasetiwa. Kwa hiyo naandika hapa mara moja, kuanzia kuchagua mpaka kurekebisha, na kama utabaki na kitu kimoja tu kichwani basi kibaki hiki: uzi wa B ndo unaokwambia ukweli wa besi. E, A, D na G zinaweza kuvumilia shingo iliyopinda kidogo na briji iliyokaa hovyo, B haivumilii. Ndo maana kila hatua huku chini tunaanza na B.

Nadharia ni hii tu: nyuzi kutoka nene hadi nyembamba ni B, E, A, D, G. E inatetemeka kama hezi 41, B inashuka mpaka karibu hezi 31, kwa hiyo ni uzi mnene halafu mzito kuuamsha, kosa lolote dogo linasikika hapo kwanza.

Na majina, ili tuelewane. Kile kipande cha mfupa au plastiki mwisho wa shingo, chenye mifereji ambayo nyuzi zinapita kabla ya kufika kichwani, nakiita nati. Vile vya kuzungusha ukityuni naviita vikazio. Vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ni fureti. Kile chuma mwilini ambako nyuzi zinaishia ni briji, na kale kachuma kadogo kwenye briji ambako kila uzi unakalalia ni kitandiko. Chuma kirefu kilichofichwa ndani ya shingo, cha kurekebisha mpindo wake, ni trasirodi.

Kabla hujaanza, kuwa na hivi:

- Seti mpya ya nyuzi tano, unene wa 45 hadi 130 (ni elfu za inchi). Hakikisha pakiti inasema ni za besi ya nyuzi tano yenye B nene, kwa sababu kuna seti za tano zenye C nyembamba ya juu badala ya B, watu wananunua hizo kwa kutoangalia.
- Funguo za aleni, zile za umbo la L zenye pembe sita. Angalau mbili, ya trasirodi na ya vitandiko, na huwa hazilingani ukubwa.
- Bisibisi ya nyota.
- Rula ya chuma yenye nusu milimita.
- Plaizi ya kukatia.
- Tyuna. App ya simu inafaa ila kuna ujanja wake, nitaueleza.
- Karatasi tatu za kawaida za kuprintia. Ndio, karatasi. Utaona.
- Kapo (kibanio cha kubana nyuzi kwenye shingo) kama unayo, kama huna kidole kinatosha.
- Betri mpya ya volti 9 kama besi ni aktivu, yaani ina saketi ndani inayotumia betri.

Sasa kazi.

1. Amua kwanza: ya mashoto kweli au ya kulia uliyoigeuza?

Jibu langu ni ya mashoto kweli, na kwenye nyuzi tano nasisitiza zaidi kuliko kwenye nne. Mtu anadhani kugeuza ni kuhamisha nyuzi tu. Chukua uzi wa B wa 130, unene wake ni kama mm 3.3. Uzi wa G wa 45 ni kama mm 1.1. Ukigeuza, B inatakiwa ikae kwenye mfereji uliochongwa kwa ajili ya G, haiingii kabisa, inakaa juu juu kama mtu kwenye ukuta, na G inaogelea ndani ya mfereji wa B ikipiga kelele. Kwa hiyo lazima nati mpya. Halafu kitufe cha mkanda kinabaki kwenye pembe fupi, besi inaning'inia vibaya. Vidhibiti vya sauti vinahamia upande wa juu, chini ya mkono wako, kila ukipiga unavigusa. Jeki ya kebo inaangalia juu. Vile vidoti vya pembeni mwa shingo ambavyo unavitegemea kujua uko fureti gani vinabaki upande wa chini usikoviona. Na sehemu ya mwili iliyokatwa ili mkono ufike fureti za juu sasa iko upande ambao hauhitaji.

Besi yenye fureti za kupinda kama feni haigeuziki hata kidogo, usijaribu, B itakuwa upande mfupi.

Kuna wanaopiga kwa kuigeuza bila hata kuhamisha nyuzi, nene ikiwa chini. Jimmy Haslip, mpiga besi wa zamani wa bendi ya Yellowjackets, anapiga hivyo na anapiga vizuri mno. Ila yeye alijifunza hivyo na mikono yake ikazoea, wewe unayeanza leo huna sababu ya kuanza njia ambayo kila somo utalazimika kulipindua kichwani.

Na kuna anayeuliza "si nijifunze tu mkono wa kulia?" Kama hujawahi kupiga na ukishika ya kulia unajisikia sawa, endelea, hamna ubaya. Lakini kama unaandika kwa kushoto, unarusha jiwe kwa kushoto, na ukijifanya unapiga gitaa hewani mkono wa kushoto ndo unaokwanyua, mwili wako umeshajibu.

2. Ukiiona besi, thibitisha ni ya mashoto toka kiwandani

Kwenye jina la modeli mara nyingi kuna L au LH mwishoni. Usitegemee jina peke yake. Ishike kama utakavyopiga, shingo ikielekea kulia kwako, mkanda begani kulia. Uzi mnene unatakiwa uwe karibu na uso wako. Angalia vidoti vya pembeni: unaviona ukiinamisha kichwa? Pembe ndefu ya mwili iko juu? Vidhibiti viko chini? Zote zikiwa ndiyo, ni ya mashoto.

Mimi niliwahi kuuziwa moja ambayo muuzaji aliapa ni ya kushoto, nikaipokea, nikafurahi, nikaja kugundua nyumbani vidoti viko chini na nati imejazwa gundi kwenye mifereji. Iliniuma sana kwa sababu nilikuwa nimesubiri muda mrefu kuipata. Dakika mbili za kuangalia zingeniokoa.

3. Ikague, B kwanza

Kama unaweza kuishika kabla ya kulipa, fanya hivi hata kama hujui kupiga chochote. Kwanyua B wazi, iache ilie. Sauti iende polepole, isikatike ghafla. Kisha bonyeza B fureti ya 5, hapo ni E, kisha kwanyua uzi wa E wazi. Noti ni ile ile. Zisikilize kwa zamu mara nne tano. Kwenye besi nzuri zinafanana kama ndugu, moja nene kidogo. Kwenye besi mbovu ya B utasikia kama noti moja imefunikwa blanketi. Nyuzi zikiwa kuukuu usiihukumu besi haraka, nyuzi zilizokufa zinaua B kabla ya zote.

Baadaye angalia shingo: isimamishe ukichungulia kutoka kwenye mwili kuelekea kichwani kama fundi seremala anavyokagua ubao. Upindo mdogo ni sawa na unarekebishika. Shingo iliyojisokota, upande mmoja umepanda mwingine umeshuka, achana nayo hata ikiwa bei ya kutupa. Kama ni iliyotumika, muombe mwenyewe akuonyeshe trasirodi inazunguka. Iliyokwama ni besi ya kutazama tu.

Urefu wa nyuzi kutoka nati hadi briji: nyingi ni inchi 34, zingine 35. Ile 35 kwa nyuzi zile zile inaongeza mkazo kama asilimia 6, B inakaza zaidi kidogo, ila mkono unanyooka zaidi fureti za mwanzo. Kwa mikono midogo 34 inatosha kabisa, 34 iliyosetiwa vizuri inaishinda 35 iliyoachwa. Mashoto hatuna chaguo nyingi, kwa hiyo usikatae besi nzuri kwa sababu ya inchi moja. Uzito nao, ivae kwa mkanda dakika tano, nyingi zinacheza kilo 4 hadi 5, na uachie shingo uone kama kichwa kinashuka chini.

4. Badilisha nyuzi

Hapa ndo makosa makubwa yanafanyika. Toa na weka uzi mmoja mmoja, shingo isipoteze mkazo wote kwa mpigo. Anza na B.

Pitisha uzi kwenye briji, ulaze kwenye kitandiko chake, unyooshe mpaka kikazio chake, kisha upime urefu wa ziada kama kidole kirefu na nusu kupita kikazio. Sasa sikia vizuri: USIKATE BADO. Ukunje kwanza kwa pembe kali, digrii 90, hapo hapo utakapokata, halafu kata mbele ya mkunjo. Uzi wa besi ni waya wa ndani uliozungushiwa waya mwingine, ukikata bila kukunja ule wa nje unafunguka na kuteleza, uzi unakufa ukiwa mpya. Utajua umekufa kwa sababu ukiukwanyua unatoa dub, dub, bila noti. B ndo uzi ghali kwenye seti, kuwa makini.

Ingiza ncha ndani ya tundu la katikati la kikazio, zungusha, na mizunguko ishuke kwenda chini. Miwili inatosha kwa B. Ikipanda juu, uzi unakaa bapa kwenye nati na unalegea sauti.

Kichwa cha besi ya mashoto ni kama kioo cha ya kulia, kwa hiyo video ya kulia ukiitazama mikono inafanana na yako ukiwa mbele ya kioo. Hii ni raha yetu ndogo mashoto, mwalimu wa kulia akikaa mbele yako shingo yake na yako zinaelekea upande mmoja.

Ukimaliza, bonyeza kila uzi kwa kidole gumba mbele tu ya kitandiko na mbele tu ya nati, kwa B bonyeza kwa nguvu ya kueleweka. Uzi mnene haupendi kukunja kona wenyewe, unapinda kama daraja kabla ya kulala. Kubonyeza huku kwa sekunde tatu kunabadilisha B kuliko watu wanavyoamini.

5. Tyuni

App nyingi za simu zinapotea kwenye B wazi kwa sababu maiki ya simu haishiki vizuri sauti ya chini hivyo. Ujanja: gusa B kwa wepesi juu ya chuma cha fureti ya 12 bila kubonyeza, kwanyua, nyanyua kidole. Inatoka kengele ya oktavi moja juu, tyuna inaisoma mara moja. Vuta nyuzi zote taratibu kwa mkono, tyuni tena, rudia mpaka zisishuke.

6. Shingo: trasirodi

Swali ambalo mashoto wote wanauliza: "Kwetu inazungushwa kinyume?" Hapana. Skrubu haijui wewe ni mkono gani. Ukiitazama skrubu ya trasirodi uso kwa uso, kwa mwendo wa saa inakaza na kunyoosha shingo, kinyume cha saa inalegeza na kuacha shingo ipinde mbele.

Besi ikiwa imetyuniwa na umeishika kama unapiga (siyo imelala mezani kwa mgongo), bonyeza B fureti ya 1 kwa kapo au kidole, na mkono mwingine bonyeza fureti ya mwisho. Uzi sasa ni rula iliyonyooka. Tazama fureti ya 7 au 8, kuna upenyo kati ya uzi na chuma. Mwombe mtu akusaidie kupitisha karatasi zako tatu zikiwa zimebanana, hizo ni kama mm 0.3, na hicho ndo tunachotaka. Zikipita bila hata kugusa, mpindo ni mkubwa, kaza. Karatasi moja tu ikigoma, shingo imenyooka mno, legeza.

Robo ya mzunguko kwa wakati. Hata nusu ya robo. Tyuni tena, pima tena, na kama unaweza iache mpaka kesho ndo upime mwisho, mbao haina haraka kama wewe. Ukihisi ufunguo umegoma, SIMAMA, usilazimishe. Na ufunguo uwe saizi kamili, ulio mdogo kidogo unakula pembe na ukishakula umemaliza.

7. Kimo cha nyuzi

Pima kwenye fureti ya 12, kutoka juu ya chuma hadi chini ya uzi. Anza na B mm 2.7 hivi, G mm 2.0, zilizo katikati zipande taratibu zifuate mviringo wa shingo. Kila kitandiko kina viskrubu viwili vya aleni, vizungushe sawa sawa kisikae kimeinama. Anayepiga kwa nguvu apandishe B hadi mm 3, hamna tuzo ya kuwa na nyuzi chini kabisa.

Kosa la kawaida: kushusha nyuzi kwa kutumia trasirodi. Trasirodi ni ya mpindo, kitandiko ni cha kimo. Ukizichanganya utazunguka siku nzima.

8. Intonesheni

Hii ni kuhakikisha noti ziko sawa shingo nzima. Piga kengele ya fureti ya 12, kisha bonyeza fureti ya 12 kawaida. Tyuna isome sawa. Uliyobonyeza ikiwa juu, rudisha kitandiko nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kilete mbele. Tyuni upya kila ukigusa. Kitandiko cha B karibu siku zote kinaishia nyuma kuliko vyote, ndo kawaida yake. Usibonyeze kwa nguvu ukipima, B ukiikandamiza inapanda yenyewe na utajidanganya.

9. Pikapu

Bonyeza fureti ya mwisho, acha kama mm 3 kati ya B na pikapu (kile kifaa chenye sumaku chini ya nyuzi kinachonasa sauti), mm 2 upande wa G. Ukiisogeza karibu sana upate sauti kubwa, sumaku inavuta uzi na noti inayumba.

Ikigoma, angalia hapa

*B bado ni tope.* Hakikisha hukuikata bila kukunja, haijajisokota, mizunguko imeshuka chini, umeibonyeza kwenye kitandiko. Halafu nenda kwenye ampu upunguze kitufe cha besi (sauti za chini), ndio upunguze, uongeze midi (sauti za kati) kidogo. Wengi tunaizamisha B sisi wenyewe. Ikishindikana jaribu 135.

*Inakwaruza fureti ya 1 hadi ya 4.* Shingo imenyooka mno, legeza trasirodi kidogo.

*Inakwaruza kuanzia 12 kwenda juu.* Pandisha vitandiko.

*Inakwaruza ikiwa wazi tu, ukibonyeza inaacha.* Mfereji wa nati umechimbwa sana, au nati ni ya kulia iliyopachikwa. Mpelekee fundi, nati siyo ya kujifunzia.

*Inakwaruza fureti moja peke yake.* Fureti ya mbele yake imenyanyuka, au hiyo yenyewe imelika. Fundi tena.

*Sauti imepotea au inakatika katika.* Kama ni aktivu, betri. Ukiacha kebo imechomekwa betri inaendelea kuliwa usiku kucha hata hupigi, chomoa kila ukimaliza.

*Volyumu inafanya kazi kinyume, au ukiipunguza haipungui mpaka mwisho ndo inaanguka ghafla.* Kuna besi za mashoto zilizofungwa potensiometa (kile kifaa chini ya kitufe cha volyumu) za kulia, waya zikaachwa zilivyo au zikageuzwa tu. Haijaharibika. Fundi anabadilisha kwa potensiometa sahihi, ni kazi ndogo ya kulehemu.

*Inavuma, ukigusa nyuzi inaacha.* Mvumo kidogo hivyo ni kawaida. Ukiwa mkubwa kaa mbali na ampu na taa. Ila ukigusa nyuzi mvumo UKAONGEZEKA au usipungue kabisa, huenda waya wa ethi unaokwenda kwenye briji umekatika.

*Kichwa kinashuka.* Mkanda mpana wenye ngozi ya kukwaruza upande wa ndani, unashika nguo na hautelezi. Jaribu huo kabla hujaanza kubadilisha vikazio vyepesi.

*Tabu (zile chati za mistari na namba) za kulia nitazisomaje?* Kama zilivyo. Mstari wa chini kabisa ni B, namba ni fureti, na fureti ya 3 ni ya 3 kwa mkono wowote.